Shahada Yangu na Mrija wa Baba Mkubwa

Shahada ya afya ya jamii niliisomea kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili. Huo si mfano, ni dawati lenyewe, lenye majina ya watoto yaliyochongwa kwa misumari. Chuo kilikuwa kimekodi madarasa ya shule ya msingi pale Ngara mjini kwa ajili yetu sisi wa masomo ya jioni. Watoto wakitoka, tunaingia sisi, watu wazima wenye ndevu na wengine wenye wajukuu, tunajikunja mpaka magoti yanagusa masikio. Mwalimu wa takwimu aliandika ubaoni kwa kasi hata chaki ikatoa moshi. Kitabu cha magonjwa ya mlipuko, ambacho darasa zima tuliazimana, kilikuwa kizito kiasi kwamba ukikifunga kwenye baiskeli, baiskeli inainuka mbele kama farasi.

Mchana nilikuwa mtu wa maji kambini. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, ukipanda kilima chochote kwetu unaona maturubai mpaka macho yanaomba kupumzika. Kazi yangu ilikuwa kutia klorini kwenye matangi, kupima, kusubiri, kupima tena, na kusimamia foleni za ndoo kwenye mabomba. Ile harufu ilinikaa mwilini hata mbu wakanikata jina kwenye orodha yao. Nyumbani walisema shati langu halina haja ya kufuliwa, linajifua lenyewe likiwa kambani.

Basi mchana klorini, jioni dawati, na mwisho wa juma nakanyaga baiskeli kurudi kwetu Mugoma, ambako kila aliyeniona aliniita daktari na kunionyesha kidonda. Nilieleza kwamba afya ya jamii si udaktari, kwamba sisi tunashughulika na ugonjwa kabla haujafika kwa mtu. Walinisikiliza kwa heshima zote, halafu wakanionyesha kidonda kingine.

Mwaka wa mwisho tukapewa mtihani ambao haukuwa wa kuandika. Mhadhiri wetu, mama mmoja kutoka Mwanza mwenye miwani iliyoona mpaka mawazo, alitutaka kila mmoja achague kijiji, atafute tabia inayoleta maradhi, aibadilishe pamoja na watu wenyewe, ndipo aandike. Asiyekuwa na mradi hana shahada. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi sikukuna hata unywele mmoja, maana adui nilikuwa nimeshamwona kwetu: mrija.

Kwetu pombe ya ndizi hainywewi kwa glasi. Inakaa katikati ndani ya mtungi, na mrija wa tete unazunguka mdomo kwa mdomo. Mwenye nyumba anaanza, watu waone kwamba hakuna kitu kibaya ndani, kisha anampa wa pembeni yake, naye wa pembeni yake, mpaka unarudi. Na kila msimu wa mvua tumbo la kuhara lilipita kijijini kama mkusanya ushuru, haliruki nyumba. Mimi nikaunganisha mrija na tumbo, nikaona nimegundua dunia. Niliposoma pendekezo langu darasani walinipigia makofi hata dawati likaachia ubao mmoja.

Nikakata matete bondeni, nikayakausha, nikayafunga mafungu mafungu, nikapita kwenye vilabu vyote vya pombe nikihubiri kila mtu na mrija wake. Walicheka kwanza. Halafu wakapenda. Mzee mmoja akawa anauchomeka wa kwake nyuma ya sikio kama penseli ya fundi seremala, anatembea nao hata kanisani. Nilianza kuandika ripoti kwa maneno makubwa ambayo leo nikiyasoma natafuta pa kujificha.

Sasa nieleze habari ya baba na baba mkubwa.

Hawa wawili hawakuwa wakisemeshana. Ugomvi wao ulitokana na shamba dogo la mikaratusi aliloliacha babu, shamba la wote wawili lakini lililoangaliwa na baba mkubwa, kaka mtu. Wakimbizi walipoingia kwa wingi, familia moja ilipiga kambi kandokando ya njia yetu kabla haijafika kwenye kambi yenyewe, na mvua ikaanza. Baba aliingia kwenye mikaratusi na panga, akawakatia nguzo za kusimamishia turubai. Hakuomba. Baba mkubwa alipoona visiki alisema mdogo wake amegawa miti ya marehemu kama karanga. Baba akajibu jambo ambalo hakuna aliyekubali kunisimulia, na tangu hapo kimya.

Na kimya chao hakikuwa cha kitoto. Wakikutana njiani, mmoja anaanza ghafla kutazama ndege angani, hata kama angani hakuna ndege. Msibani wanakaa upande mmoja wa moto kwa sababu ya upepo wa moshi, lakini wanazungumza kupitia kwa watu: mwambie huyo asogeze mguu. Huyo mwenyewe yuko hapo, anasikia, na anasubiri aambiwe ndipo ausogeze.

Watu waliuzoea ugomvi ule kama mtu anavyozoea jino bovu. Kisha dada akachumbiwa. Huyu ni binti wa baba mkubwa, na kwetu huyo ni dada yangu kabisa, tulinyang'anyana mihogo tangu utoto. Kijana alitoka Nyantakara kule Biharamulo, Msukuma wa familia ya wafugaji, mpole, mrefu kama nguzo ya simu. Wazee wake walituma neno kwamba wanakuja kujitambulisha mahindi yakishaingia ghalani. Na hapo jino likaanza kuuma, kwa sababu huwezi kupokea wageni wa posa wakati mdogo wa baba wa binti hayupo kwenye benchi. Wageni wangeondoka wakisema ukoo huu umepasuka, na dada angebaki nyumbani akihesabiwa makosa yasiyo yake.

Shangazi, dada yao wa pekee aliyekuwa akiishi kwetu, ndiye aliyelibeba jambo hili. Alikwenda kwa huyu, akarudi kwa yule, akalia kidogo huku, akatukana kidogo kule, mpaka wote wawili wakakubali kupatanishwa. Kupatana kwetu kuna utaratibu wake. Waliogombana wanaketi mbele ya mtungi mmoja na mrija mmoja. Wa kwanza anakunywa, na bila kuufuta mrija anampa mwenzake. Ile kutoufuta ndiyo maneno yote. Hotuba ni za watu wengine.

Shangazi akakamua ndizi, akapika pombe, akaita majirani wachache na wazee wa ukoo. Mimi nikafika na shati langu lenye harufu ya kambi, na kwapani fungu la mirija.

Sijui niseme nini hapa ila ukweli: nilikuwa na furaha. Nilijiona mtu anayeleta zawadi. Nilikuwa nimezoea kuugawa mrija kila penye mtungi, na pale palikuwa na mtungi. Shangazi alikuwa ndani anachukua kata. Nikapita mbele ya watu, nikampa baba wa kwake, nikampa baba mkubwa wa kwake, nikawaambia sasa wanywe salama bila kuambukizana.

Hata kuku wakaacha kuchakura. Baba mkubwa aliutazama ule mrija mkononi, akaugeuza. Kisha akamtazama baba.

"Kumbe umemtuma mtoto aje kunisemea kwamba mate yangu ni sumu," akasema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mdogo wake kwa miaka yote ile. Kweli baba hakuwa amenituma, lakini mrija wake alikuwa ameshaupokea, na ulikuwa mkononi mwake mbele ya watu wote. Baba mkubwa aliulaza wa kwake chini kando ya mtungi, taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akavaa kofia, akaondoka.

Shangazi alitoka na kata, akauliza kimetokea nini. Alipoambiwa alikaa chini palepale vumbini. Mimi nilianza kueleza juu ya vijidudu, nikaona midomo ya watu imekazana, nikaacha. Dada alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alikuja akanitoa fungu la mirija kwapani kama mtu anavyomnyang'anya mlevi kisu.

"Kaka," akasema, "ungesubiri hata niolewe kwanza."

Niliwahi kufeli somo la takwimu, na siku ya kufeli nilifikiri sitasikia tena uchungu wa namna hiyo. Nilikuwa sijui ninachosema.

Siku mbili tatu baadaye nilikwenda kwa baba mkubwa. Nilimkuta kwenye banda la mbuzi akikata kwato za beberu mmoja mkaidi. Nikasema shikamoo. Akamaliza ukwato wa kwanza. Nikasema tena shikamoo, akaniitikia marahaba lakini akiwa anamtazama beberu, hata nikawa sina hakika ni nani aliyeitikiwa. Nikamwomba radhi. Nikasema baba hakunituma, ule mrija ni mradi wangu wa chuo, nawapa watu wote. Akasema anajua nawapa watu wote, ameuona hata nyuma ya sikio la yule mzee, yeye mwenyewe hana neno na mambo ya klabuni.

"Klabuni mtu anakunywa na yeyote. Kwa mdogo wangu nilikwenda kunywa na nani?"

Nikarudi kwenye masomo, maana ndiko nilikozoea kujificha, nikaanza kumweleza habari ya tumbo la kuhara la msimu wa mvua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwachia beberu mguu, akanyooka.

"Kule kambini unawatilia watu dawa kwenye maji," akasema. "Sisi ndugu zako umetuletea mrija. Kwani uchafu wetu sisi uko mdomoni?"

Alisema kwa uchungu tu, si kwa kunifundisha. Alitaka kujua kwa nini mtoto aliyembeba mgongoni anawaonea huruma wageni na kumwonea yeye kinyaa. Nikamuaga, nikateremka kwa njia ya bondeni.

Na njia hiyo inapita kwenye chemchemi. Nimeipita maisha yangu yote. Siku ile akina mama walikuwa wanateka, na hatua chache juu yao ng'ombe wamesimama ndani ya maji mpaka magotini, wakifanya yote ambayo ng'ombe hufanya akiwa ameshiba na hana haraka. Nikasimama. Mtu wa maji, mtu ambaye mchana kutwa hakubali tone lipite bila kupimwa, nikasimama pale nikitazama maji ambayo shangazi huyateka kuzimulia pombe. Maana maji ya ndizi yakishakamuliwa ni mazito, lazima yazimuliwe, na hakuna anayechemsha maji ya kuzimulia. Yanaingia kwenye mtungi kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Ukiyanywa kwa mrija mmoja au kwa mirija elfu, ni maji yaleyale.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku hiyo. Kambini niliajiriwa kuyatazama maji, kwa hiyo niliona maji. Nyumbani nilikuja kama msomi, na msomi anatafuta tabia za watu. Mdomo wa mtu unaonekana, tena unachekesha, unaandikika vizuri kwenye ripoti. Chemchemi ilikuwa kitu cha nyumbani tu. Nilikunywa pale nikiwa mdogo, na kitu ulichokinywa ukiwa mdogo huwezi kukishuku upesi.

Nikaenda moja kwa moja kwa shangazi, nikamwomba apike pombe nyingine, ila safari hii maji yachemshwe. Aliniangalia kama ninayemwomba achemshe ziwa. Kuni zitoke wapi? Miaka ile kuni zilikuwa zimekimbia. Vilima vilivyokuwa na vichaka vilinyolewa, akina mama walitoka alfajiri na kurudi jua limekaa utosini na mzigo ambao sungura angeubeba. Kuchemsha mtungi mzima wa maji ilikuwa anasa ya mfalme. Akaniambia kuni za karibu ninazijua zilipo, na mwenye kuziangalia ninamjua.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anasikia yote. Nikasema nitakwenda mimi kuomba mti kwa baba mkubwa. Baba akainuka, akachukua panga, na mimi nikamfuata kwa mbali kidogo, kwa sababu ndugu wawili na panga moja si jambo la kuachia Mungu peke yake.

Hakuenda kwenye mikaratusi. Alikwenda mpaka mlangoni kwa kaka yake, akaliweka panga chini, akasimama nje ya ua.

"Kaka, naomba mti."

Baba mkubwa alitoka. Hakutazama ndege. "Wa nini?"

"Wa kuchemshia maji."

"Maji ya nini?"

"Ya kuzimulia pombe yako. Huyu msomi anasema yana ng'ombe ndani."

Baba mkubwa akanitupia jicho, akalirudisha kwa mdogo wake. Nilidhani atafunga mlango.

"Mbona siku ile hukuomba?"

Baba aliinama, akaliokota panga, akalishika kwa ubapa. "Siku ile palikuwa na mtoto mchanga, na mvua inamnyeshea."

"Ungekuja," akasema baba mkubwa. "Ningekupa, na mti mwingine wa kuwasha moto."

Wakaenda wote wawili. Mimi sikuitwa. Nilisikia panga likilia kwa zamu, mara mpigo wa mtu mwenye haraka, mara wa mtu anayechagua mahali pa kukata, na katikati nikasikia baba mkubwa akimlaumu baba kwamba tangu utoto hajui kuangusha mti, angewaua wote.

Shangazi akapika. Watu walewale wakaitwa, na mtungi ukakaa katikati ukiwa na mrija mmoja. Kabla hawajaanza niliuliza, kwa sababu kitabu changu hakikuwa kimeniacha kabisa, kama kuna yeyote mwenye kikohozi cha muda mrefu. Baba mkubwa akasema kikohozi chake cha muda mrefu ni mimi. Wakacheka wote, ndipo akatoa hukumu: aliyeivunja shughuli siku ile ndiye atakayeifungua leo. Nianze mimi.

Nikaushika mrija. Wahadhiri wangu wote walisimama mstari mbele ya macho yangu, wa takwimu akiwa na chaki yake inayotoa moshi. Nikanywa. Nikampa baba mkubwa bila kuufuta. Akanywa, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na bila kuufuta akampa mdogo wake. Hakuna aliyetoa hotuba, ingawa mzee mmoja alikuwa ameandaa.

Chuoni niliurudisha mradi kwa mhadhiri na kumweleza yote, hata kwamba nilikunywa. Alivua miwani, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Mrija ulikuwa rahisi kuuona," akasema. "Na wewe ulikuwa na haraka."

Akaniambia nikianza upya sitahitimu na wenzangu, nikimpa ripoti ya mirija ataisoma kama ilivyo. Nikaanza upya. Tulizungushia chemchemi ua, tukachimba birika la kunyweshea ng'ombe chini yake, na kulikuwa na mabishano kuhusu ule ua yaliyochosha mpaka miti ya ua yenyewe. Wengine hawachemshi maji ya kuzimulia hadi leo, wengine kuni zikipanda bei wanaacha. Mirija ya peke yake ilidumu msimu mmoja, kisha watu wakarudi kwenye mmoja, isipokuwa yule mzee wa nyuma ya sikio. Siku ya mahafali ya wenzangu nilisimama pembeni nikipiga makofi hata viganja vikavimba kama maandazi, na majoho yao yalinipita yakinukia kabati. Langu nililivaa baadaye, likiwa fupi, la kukodi, lililoshonwa kwa mtu wa kimo kingine.

Lakini kabla ya hayo yote, mahindi yakaingia ghalani na watu wa Nyantakara wakaja. Walifika wamevaa makoti mazito kwenye jua lile, wamechoka kwa safari na wamejaa adabu. Tulikuwa tumewapangia viti vyao. Upande wetu palikuwa na benchi moja, na baba na baba mkubwa walikuwa juu yake, mabega yamegusana kwa sababu benchi lenyewe lilikuwa fupi. Wakagombana kwa kunong'ona nani aanze kukaribisha wageni, kila mmoja akimwambia mwenzake ndiye mwenye sauti. Dada nilimwona nyuma ya pazia la mlango, ameshika kitambaa cha kichwani kwa mikono yote miwili, hapumui.

Mzee wa upande wao, baada ya salamu ndefu, aliomba radhi kwa swali la kijinga. Alisema wao ni wageni huku, lugha yetu ya Kihangaza hawaijui, na anaogopa kumkosea mtu heshima. Basi aonyeshwe, kati ya wazee hawa wawili, baba wa binti ni yupi.

Baba akamwonyesha baba mkubwa. Na wakati huohuo baba mkubwa alikuwa ameshainua mkono, akimwonyesha baba.

Yule mzee akawatazama kwa zamu, kisha akamgeukia kijana wake mrefu na kumwambia akae vizuri, maana ng'ombe itabidi waongeze, hapa wakwe ni wawili. Nyuma ya pazia nilisikia mtu anavuta pumzi.